Somo kwa Wauguzi Vijana: Kutafuta Kazi ya Kwanza katika Huduma ya Dharura



Kila mwaka, nyuma ya matokeo ya mtihani wa Serikali, wanafunzi wetu wanakuja kuniaga. Wamevaa nguo safi, wanacheka, wazazi wao wamechinja kuku. Nyuma ya miezi sita wanarudi mmoja mmoja, na hawacheki tena. Wananiuliza neno lile lile: "Mama, kazi iko wapi?"

Somo hili ni jibu langu. Sitawadanganya kwamba kazi ni nyingi hapa Uvira. Lakini milango iko, na mingine watu wanaipita kila siku bila kuiona. Mbele ya kuanza, sikilizeni habari hii.

Kijana mmoja niliyemfundisha alikuwa amepeleka dosye yake ku milango kumi na mmoja. Siku moja alikuwa anatembea kando ya barabara ya Kavimvira, dosye kwapani ndani ya mfuko wa plastiki. Pikipiki ya abiria ikagongana na kamyoneti. Mama aliyebebwa nyuma alipasuka paja, damu ikaruka. Watu wakajaa. Mmoja akamwaga maji, mwingine akapiga picha kwa simu, wengine wakalia. Walipopata taksi ya kumpakia, mama yule hakuwa na nguvu tena. Hakufika hospitali akiwa hai.

Usiku ule kijana alikuja kwangu. Nikamwuliza: "Na wewe ulifanya nini?" Akasema: "Mama, nilisimama tu. Mimi si mfanyakazi wa pahali popote. Ningemgusa kwa jina gani? Angenifia mikononi, watu wangesema nini?"

Sikumgombeza. Miaka mine nilimfundisha kutandika kitanda, kupima joto, kudunga sindano na kungojea agizo la munganga. Siku hata moja sikumwambia kwamba mkono unaojua kukandamiza kidonda hauhitaji ruhusa ya ofisi. Kosa lilikuwa la sisi wote wawili. Kwa hiyo ninaandika.

I. KAZI NA NAFASI SI KITU KIMOJA

Katika lugha yetu tunasema "kazi" kwa mambo mawili. Kazi ni lile jambo unalolifanya kwa mikono. Kazi vilevile ni nafasi yenye mshahara. Kijana yule alikosa nafasi, akafikiri hana kazi. Lakini kazi ilikuwa mbele ya miguu yake, inatoka damu.

Someni Luka 10, mfano wa Msamaria mwema. Angalieni utaratibu wake. Aliona, akakaribia, akatia dawa na kufunga vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha pahali pa kulala, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akaacha na feza za matunzo. Hayo ndiyo masomo yote ya mhudumu wa ambilansi: kuona, kukaribia, kufunga, kubeba, kukabidhi. Wale wawili waliopita mbele yake walikuwa na nafasi zao hekaluni. Yeye hakuwa na nafasi yo yote pale, lakini kazi ilifanywa naye.

Katika inchi nyingine huduma hii ina shule yake, nguo yake na mshahara wake. Lakini hata huko haikuanza hivyo. Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, zamani wagonjwa walibebwa na gari za polisi au gari za kubebea maiti, na njiani hakuna aliyewatunza. Mwaka 1967 vijana weusi wa mtaa maskini unaoitwa Hill District, wengi wao hawana kazi, walikusanywa na kufundishwa na munganga Peter Safar. Wakafanya huduma ya ambilansi iliyoitwa Freedom House. Watu waliosema vijana hawa hawafai kitu, ndio waliookolewa nao. Huduma ile ikawa mfano kwa miji mingine.

Lakini habari yao ina upande wa pili, na inafaa kuusema. Mwaka 1975 mji ulianzisha huduma yake yenyewe, Freedom House ikafungwa, na wengi wa wale waliotangulia wakaachwa nje polepole. Basi tunajifunza mambo mawili: ufundi unatangulia nafasi, na mwenye ufundi asipojilinda anaweza kusukumwa na waliokuja nyuma yake. Tutasema juu ya hayo yote mawili.

II. JUU YA NINI NAFASI NI CHACHE KWETU?

Vijana wengi wanafikiri wamekataliwa kwa sababu hawafai, au kwa sababu mtu amewaroga. Hapana. Sababu ziko wazi.

1. Shule ni nyingi. Kila mwaka shule za ngazi ya A2 na zile za juu zinatoa wauguzi wengi kuliko vitanda vinavyoongezeka.

2. Serikali inaandika watu polepole. Wauguzi wengi wa inchi yetu wanafanya kazi miaka mingi bila kuwa na namba ya Serikali. Wengine wana namba lakini hawaoni mshahara. Wanaishi kwa primi, yaani sehemu ya franga zilizolipwa na wagonjwa. Wagonjwa wakipungua, primi inapungua. Kila mtu mpya anayeingia anagawana chungu kile kile.

3. Miradi inakuja na kuondoka. Kipindupindu kikipanda, mashirika yanatafuta watu mara moja. Kikishuka, wanaagana nao. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake, na mwaka ule ule vita vilifika Goma na Bukavu. Miradi mingi ilifungwa, na wauguzi wenye miaka kumi ya kazi walirudi kutafuta nafasi pamoja na ninyi.

4. Kwetu pwani ya ziwa hakuna huduma ya ambilansi ambayo kila raia anaiita kwa namba moja ikamfikia mlangoni. Kwa hiyo ukiingia ofisini na kusema, "Ninatafuta kazi ya ambilansi," watakuonyesha dereva mmoja na gari moja, na nafasi ile imekwisha kujaa.

Lakini je, hatari hazipo? Kumbukeni Sange, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilianguka barabarani, watu wakakimbia kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 230 walikufa. Kumbukeni usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba na kubeba watu hapa mjini. Na kipindupindu kimekaa pwani hii tangu mwisho wa miaka ya 1970. Dharura kwetu hazikosekani, na kazi ya dharura ni nyingi. Imegawanyika tu mikononi mwa watu mbalimbali: wenye kubeba brankari, wenye kupokea wagonjwa usiku, wenye kunyunyiza klori, wenye kushona vidonda katika kituo cha mbali, wenye kuendesha mtumbwi wa moteri. Anayetafuta kazi hii azitafute sehemu zake, asitafute jina lake.

III. MILANGO MITANO

Mlango wa kwanza: Msalaba Mwekundu.

Croix-Rouge ina vikundi vya kujitolea katika mitaa. Huko utafundishwa huduma ya kwanza kwa mazoezi, utaitwa wakati wa moto, wa mafuriko na wa kipindupindu. Wakati wa Ebola ya miaka 2018 hadi 2020, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu ndio waliozika wengi kwa usalama na heshima, mahali ambapo hata ndugu waliogopa. Jua wazi: kujitolea si mshahara. Lakini shirika linapotafuta watu ishirini kwa kesho asubuhi, haliendi kufungua dosye za vumbi. Linauliza viongozi wa wale wanaojulikana: "Nani anakuja akiitwa?" Uwe katika jibu hilo.

Mlango wa pili: kazi ndogo za hospitali.

Muuguzi mwenye diploma anaona haya kusukuma brankari au kuosha sakafu kwa klori. Haya hiyo imewafungia wengi. Mbeba brankari anaona kila mgonjwa wa dharura mbele ya munganga. Anajifunza kuinua mtu aliyevunjika bila kumwumiza, anajua oksijeni iko wapi, anajulikana na walinzi, na watu wa maabara, na mkubwa wa wauguzi. Mwenye kupokea wagonjwa usiku anajifunza kutofautisha anayeweza kungoja na asiyeweza. Ukiona nafasi ya namna hii, usiulize kwanza, "Ni ya ngazi gani?" Uliza, "Nitajifunza nini, na nani ataniona?"

Mlango wa tatu: kipindupindu na kampeni.

Katika kituo cha kipindupindu (CTC) na katika vituo vya kunywesha maji ya chumvi na sukari, wanahitaji wafanyakazi wa siku: wauguzi, wapiga klori, watunza maji, waandishi wa daftari. Chanjo nazo zinahitaji watu. Mlango huu unafunguka ghafla na kufungwa ghafla. Wakati wa mvua usisafiri ovyo. Jitambulishe mapema kwa muuguzi mkubwa wa kituo chako cha afya na ku ofisi ya zone ya afya. Acha namba ya simu ambayo haibadiliki, na namba ya pili ya mtu wa nyumbani.

Mlango wa nne: pahali pa mbali.

Hapa mjini watu hamsini wanagombea kiti kimoja. Juu ya milima, katika rasi ya Ubwari, na katika vijiji vya Fizi, muuguzi mmoja anakaa peke yake na watu maelfu. Huko mgonjwa bado anabebwa kwa kipoyi saa nyingi, au kwa mtumbwi usiku. Anayefanya mwaka mmoja huko anajifunza kile ambacho mwenzake wa mjini hakijifunzi kwa miaka mitano. Lakini usiende kama kipofu. Uliza habari za usalama kwa watu waliotoka huko juma hili, si mwaka jana. Wazee wetu hawajasahau Lemera, ambako tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa na wauguzi waliuawa ndani ya hospitali. Uliza pia utalala wapi, utalipwa na nani, na dawa zinafika namna gani.

Mlango wa tano: watu wa barabara na wa maji.

Motari ndiye ambilansi yetu ya kweli. Yeye anafika kwanza, yeye anabeba, mara nyingine yeye ndiye aliyegonga. Wavuvi na wenye mitumbwi ni hivyo hivyo. Kijana anayekwenda ku maegesho na kuwafundisha mamotari saa moja kila juma namna ya kukandamiza kidonda na kumlaza mtu asiyejitambua, huyu anajulikana katika mtaa mzima. Wenye chama chao watamwita, na mgonjwa akifika hospitali amefungwa vizuri, wauguzi watauliza: "Nani amefunga hiki?" Swali hilo lina nguvu kuliko barua kumi za kuomba kazi.

IV. DOSYE YAKO

Matayarisho ya makaratasi si jambo la kiroho, lakini uvivu katika makaratasi umeharibu baraka nyingi. Tayarisha haya:

a) Barua ya kuomba kazi, ukurasa mmoja, imeandikwa kwa shirika lile lile unaloliomba. Usinakili ya mwenzako. Nimeona barua iliyobaki na jina la hospitali nyingine juu yake.

b) Karatasi ya maisha, masomo na kazi. Andika kazi halisi: "Nilipokea wagonjwa usiku miezi mitatu." Usiandike "mwenye bidii na uaminifu". Kila mtu anaandika hivyo.

c) Nakala za diploma zilizothibitishwa, na cheti cha huduma ya kwanza kama unacho.

d) Karatasi ya Ordre des Infirmiers, iliyoanzishwa katika inchi yetu kwa sheria ya mwaka 2016. Wengi wanaingoja mpaka wanaombwa, ndipo wanakimbia.

e) Karte ya uchaguzi, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya, na karte ya ONEM, ofisi ya Serikali ya wanaotafuta kazi.

f) Cheti cha kazi uliyofanya, hata ya siku kumi, hata ya kujitolea. Hapa ndipo vijana wetu wanaanguka. Wanafanya kazi mradi mzima, mradi unakwisha, wageni wanapanda ndege, na hakuna aliyeomba karatasi. Mwezi mmoja nyuma yake hakuna wa kushuhudia. Omba cheti mbele ya siku ya mwisho, chenye tarehe, kazi, sahihi na muhuri. Kumbukeni wale vijana wa Pittsburgh.

Kisha linda makaratasi hayo. Mwaka 2020 mafuriko yaliwatoa watu wengi katika nyumba zao bila kitu. Weka diploma ndani ya plastiki mbili, juu, si chini ya kitanda. Piga picha ya kila karatasi na kuituma kwa ndugu anayekaa mji mwingine.

V. SIKU YA MTIHANI

Wakikuita, fika mapema, na kalamu yako mwenyewe. Mara nyingi wanauliza mambo ya kweli, si majina marefu. Jizoeze kujibu kwa utaratibu: nalinda nafsi yangu, naangalia mgonjwa, natenda, naita, naandika. Hii ni mifano mine.

Swali: Mtu anatokwa damu nyingi mguuni. Utafanya nini?
Jibu: Navaa ganti au kitu cha kulinda mikono yangu. Nakandamiza kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachilia, mgonjwa amelala. Nafunga kwa bandeji ya kukaza. Damu ikikataa kusimama na maisha yako hatarini, natia garo pana juu ya kidonda, si juu ya goti, naandika saa, wala siifungui njiani. Namfunika asipate baridi, namfikisha hospitali haraka.

Swali: Mtoto amemwagiwa maji ya moto.
Jibu: Namwondoa penye moto. Natoa nguo isiyoshikana na ngozi, na bangili au pete mbele ya kuvimba. Napoza pahali palipoungua kwa maji safi ya baridi ya kawaida dakika 20. Nafunika kwa kitambaa safi. Sipaki dawa ya meno, wala mafuta, wala yai, wala unga.

Swali: Mtu mzima wa kilo 50 ameletwa na kipindupindu, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, mapigo ya mkono hayasikiki vizuri.
Jibu: Huyu hangoji kuandikwa daftarini. Ni mililita 100 za Ringer kwa kila kilo katika saa 3, yaani lita 5. Mililita 30 kwa kilo, ndiyo lita moja na nusu, zipite katika nusu saa ya kwanza. Lita tatu na nusu zinazobaki zipite katika saa mbili na nusu. Naangalia mapigo na kupumua mara kwa mara, na anapoweza kumeza namwanzisha maji ya kunywa ya chumvi na sukari.

Swali: Hakuna pakiti za ORS. Utatengeneza maji hayo namna gani?
Jibu: Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari. Naonja kwanza: yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Anayetafuta kazi ya klori ajue vilevile kwamba maji ya asilimia 0.05 ni ya mikono, ya asilimia 0.2 ni ya sakafu na vitanda, na ya matapishi yanazidi hayo kwa nguvu. Wengi wanakosa hapo.

Na wakikuuliza jambo usilolijua, sema, "Hilo silijui, ningeuliza mkubwa wangu." Katika dharura, mtu anayebuni anaua. Wanaochagua wafanyakazi wanajua neno hilo.

VI. MITEGO

Kwanza, kununua nafasi. Mtu atakuambia, "Leta dola hamsini, jina lako litaingia." Mwenye kuuza nafasi moja anaiuza kwa watu wanane. Na hata ukiipata, utaanza kazi ukiwa na deni, na deni lile litalipwa na mgonjwa maskini utakayemtoza kwa siri.

Pili, binti zangu, nasema nanyi wazi. Mtu akikuita kwa "mtihani" wa usiku ku hoteli, au akisema diploma yako haitoshi bila urafiki, huyo hataki muuguzi. Toka. Mwambie mama yako, mchungaji, au mwalimu wako. Aibu ni yake, si yako. Nimewaona wasichana walionyamaza miaka mingi wakifikiri wao ndio wenye kosa.

Tatu, nyumba ya dawa ya kificho. Njaa inasukuma kijana kutundika serumu ndani ya chumba cha nyuma, kudunga kila homa, na kutoa mimba. Mgonjwa akifa, hakuna munganga nyuma yake, hakuna daftari, na hakuna tena jina. Kutoa huduma ya kwanza barabarani na kufungua hospitali ya wizi ni mambo mawili mbalimbali. Ya kwanza inamfikisha mgonjwa penye msaada, ya pili inamchelewesha.

Nne, kujitolea bila mwisho. Ukianza kufanya kazi bila mshahara, patana na mkubwa: miezi mitatu, kisha tunaongea. Nyuma ya miezi sita bila primi, bila cheti, bila mafundisho, shukuru kwa heshima na kuondoka. Kumtumikia Mungu si kutumikishwa na watu.

VII. WAKATI WA KUNGOJEA

Kungojea ni kurefu, na tumbo halingoji. Mtume Paulo alishona hema (Matendo 18), na hakuna aliyesema amepoteza wito wake. Uza samaki, lima mchele katika Uwanda wa Ruzizi, fundisha watoto. Si aibu. Aibu ni kulala mpaka mikono inasahau.

Kila juma fanya mambo matatu. Fungua daftari zako na kurudilia somo moja. Jizoeze na mwenzako kumgeuza mtu upande, kufunga mfupa uliovunjika kwa vijiti, kukandamiza kidua ili kuamsha moyo. Na uwe na mfuko mdogo unaokwenda nao: ganti jozi mbili, bandeji mbili, kitambaa safi, makasi, kalamu. Haigharimu mingi.

Kijana yule wa Kavimvira alianza namna hii. Juma lile lile alikwenda kujiandikisha ku Msalaba Mwekundu. Mwaka mzima hakupata franga, na mimi nilimwona akiuza mafuta ya taa jioni. Siku moja aliwafunga watu wawili walioanguka na pikipiki na kuwasindikiza hadi hospitali, akamweleza muuguzi wa zamu kwa maneno machache: saa, kidonda, damu, mapigo. Muuguzi akamwuliza alisoma wapi. Leo anabeba brankari, analipwa kwa siku, na mara nyingine wanamwita kusaidia kupokea wagonjwa usiku. Bado hana nafasi ya muuguzi, na sisemi kwamba ataipata mwaka huu. Lakini hapiti tena pembeni ya mtu anayetoka damu. Na aliponiambia jina la mama yule aliyekufa, alikuwa amekwenda kulitafuta kwa jamaa yake na kuomba msamaha. Walimpokea, wakampa kiti.

KUMBUKA

1. Nafasi ni chache, kazi ni nyingi. Anza na kazi.
2. Tafuta sehemu za huduma ya dharura, si jina lake.
3. Kila siku ya kazi idai karatasi yake.
4. Usinunue nafasi kwa feza wala kwa mwili.
5. Mikono isiyotumika inasahau.

MASWALI YA KUONGEA PAMOJA

1. Katika mtaa wenu, nani anafika kwanza mtu akiumia? Mnaweza kumfundisha nini juma hili?
2. Kijana wa Kavimvira aliogopa nini? Je, woga wake ulikuwa na sababu? Kanisa na jamaa wangefanya nini kusudi mtu anayesaidia asilaumiwe bure?
3. Kazi gani ya hospitali unaiona haya? Juu ya nini?
4. Taja karatasi moja inayokosekana katika dosye yako. Utaipata siku gani?

Maombi: Ee Bwana, wewe uliyegusa wagonjwa njiani bila kuwa na ofisi, tupe mikono isiyosahau, macho yasiyopita pembeni, na mkate wa siku ya leo kwa wanaotafuta kazi. Amina.